Aliyeshuka wa Kwanza Hakufuatwa na Mtu

Mwezi wa Ramadhani, magharibi imekaribia. Matatu yetu imekwama Buxton, pua imeelekea daraja la Nyali, na mbele yetu hakuna kinachosonga isipokuwa bodaboda. Dereva ameshazima injini. Makanga ameketi kwenye ngazi ya mlango, anachezea simu, hana habari na mtu. Ndani kila mmoja anaitazama saa yake na kujifanya haitazami.

Mama mmoja wa buibui, mfuko wa tende mkononi, akashuka.

Hakuna aliyemfuata. Tulimtazama dirishani akipenya katikati ya magari, kisha tukarudi kutazama visogo vya walioketi mbele yetu. Baadaye kidogo akashuka mwanafunzi. Alisimama nje, akageuka kutuangalia, halafu akaenda zake. Gari likaingia kimya ambacho matatu za Mombasa hazikijui, maana redio nayo ilizimika pamoja na injini. Ndipo mzee mmoja mwenye katoni ya maji akajivuta kutoka kiti cha nyuma, akikanyaga watu miguu na kuomba radhi. Kabla hajafika mlangoni, nusu ya gari ilikuwa imesimama.

"Wazee, gari lasonga sasa hivi!" makanga akapiga kelele. Nauli alikuwa ameshaikusanya, kwa hivyo hakupiga kelele sana.

Hakuna aliyesema twendeni.

Tulivuka daraja kwa miguu, sisi na wa magari mengine, umati wa watu wasiojuana, na adhana ikatukuta juu ya maji. Tende zikapita mkono kwa mkono. Mpaka leo sijui zilikuwa za nani.

## Nyumba ya Kibokoni

Jambo hili lingepita kama mengine yanavyopita, lau wiki ile ile tusingekuwa na kikao cha ukoo.

Sisi tuna nyumba Kibokoni, nyumba ya marehemu babu. Ukuta wa upande wa bahari umefura kwa unyevu, boriti za juu zimelika, na fundi wa mwisho tuliyemleta alikataa hata kutaja bei. Kwamba tuhame, sote tumekubali zamani. Tuhamie wapi, hapo ndipo kikao huzaa kikao. Kaka yangu anataka Kisauni, karibu na duka lake. Ami anataka Mtwapa, kwenye kiwanja alichokinunua akiwa bado kazini bandarini. Shangazi anataka Mtongwe, ng'ambo ya feri, aliko dada yake na alikozikwa mumewe. Na lazima twende pamoja, kwa sababu ya Bibi. Popote atakapokuwa Bibi ndipo wote watakapokula Ijumaa.

Nikiwa juu ya daraja lile, jasho likinitoka, niliwaza hivi: watu wasiojuana hata majina wameamua kuhama gari kabla ya mtu kumaliza kutafuna tende. Sisi wa damu moja tumeshindwa.

Wazo hilo lilinikaa kooni wiki kadhaa.

## "Hata nyani wana dume lao"

Nilimweleza Ami kisa cha matatu, barazani, kahawa ikipoa. Hakushangaa.

"Kulikuwa na kiongozi," akasema. "Wewe hukumwona tu."

Nikamwambia aliyeshuka wa kwanza hakufuatwa na mtu.

"Basi hakuwa yeye. Manahodha wawili chombo huenda mrama, mwanangu, na bila nahodha hakiendi popote. Hata nyani wana dume lao."

Sentensi hiyo ya nyani ndiyo iliyonifanya nianze kusoma. Na bahati ni kwamba nyani waliochunguzwa kwa makini kuliko wote katika suala hili ni wa hapa hapa Kenya. Mwaka 2012, katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, watafiti waliwavisha nyani 25 wa kundi moja mikanda ya shingoni yenye GPS iliyorekodi alipo kila mmoja, sekunde kwa sekunde. Ariana Strandburg-Peshkin, Damien Farine, Iain Couzin na Margaret Crofoot walichapisha matokeo mwaka 2015 katika jarida la Science.

Swali lao lilikuwa lile la Ami: nyani mmoja akijitenga na kuanza kwenda upande fulani, ni nani anayefuatwa?

Dume kubwa halikufuatwa zaidi ya wengine.

Nililisoma hilo mara mbili, maana nami niliamini kama Ami. Dume kubwa lina uwezo wa kumnyang'anya mwenzake chakula na kumfukuza kivulini, lakini likianza safari halina hakika ya kufuatwa kuliko jike la kawaida. Kilichokuwa na uzito ni idadi ya walioanza kwenda na kama walielekea upande mmoja. Nyani aliyejitenga peke yake na kuona hafuatwi, mara nyingi alirudi kundini. Kumbuka chui yuko Laikipia. Kubaki peke yako huko ni hatari kuliko kwenda mahali usipopapenda.

Yule mama wa buibui yeye hakurudi. Chui hayupo Buxton, na nyumbani kulikuwa na watu wa kufuturisha.

## Pembe

Katika utafiti huo huo kuna jambo ambalo, nilipolielewa, nilikaa chini nikachora ramani ya Mombasa nyuma ya bahasha.

Nyani wakigawanyika, hawa wanavuta huku na wale wanavuta kule, wafuasi hufanya nini? Inategemea pembe iliyo kati ya njia mbili hizo. Ikiwa ndogo, chini ya digrii 90 hivi, kundi hupita katikati na kila upande unapata nusu yake. Pembe ikizidi hapo, habari ya katikati huisha. Kundi huchagua upande mmoja, na mara nyingi ni ule wenye watu wengi zaidi. (Nimesema watu. Acheni hivyo hivyo.)

Kisauni na Mtwapa zote ziko kaskazini, upande wa pili wa daraja la Nyali. Anayetaka Kisauni na anayetaka Mtwapa wanaweza kukutana Bamburi au Shanzu, na ingawa wote wawili watanung'unika, watafika. Mtongwe iko kusini. Kati ya Mtwapa na Mtongwe kuna nini?

Kuna kisiwa. Kuna Kibokoni.

Kwa miaka yote hiyo, kila kikao kilipotafuta suluhu ya kuridhisha pande zote, kilikuwa kikiturudisha chini ya boriti zile zile zilizolika. Tulidhani hatujaamua. Kumbe kila mara tuliamua kubaki, na tulifanya hivyo kwa heshima na adabu, tukimaliza kwa dua.

## Uzito wa Ami

Nilikaribia kwenda kumwambia Ami kwamba ukubwa si kitu. Nikasita, maana si kweli, hata porini.

Mbwamwitu wa delta ya Okavango, Botswana, kabla ya kwenda kuwinda huamka na kukusanyika, wakirukiana na kusalimiana. Pengine huondoka, pengine hulala tena. Utafiti uliotoka mwaka 2017 uligundua kwamba wanavyozidi kupiga chafya katika mkusanyiko huo ndivyo wanavyoelekea zaidi kuondoka. Mkusanyiko ukiwa na ushiriki wa dume na jike wakuu, chafya kama tatu zilitosha. Ukianzishwa na wa chini, zilihitajika kama kumi.

Hapo nikamwona Ami wetu bayana. Neno lake halitoshi kutuhamisha, lakini linapunguza idadi ya vichwa vinavyohitajika kutikiswa. Akisema Mtwapa, watatu wanatosha kuitikia. Nikisema mimi, afadhali niwe na kumi.

Na kuna tembo, ambao kwa kweli walinisumbua zaidi. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga hifadhi ya Tarangire, Tanzania. Katika miezi tisa, ndama 16 kati ya 81 waliofuatiliwa walikufa. Makundi yaliyotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho yalipoteza wachache zaidi, na hayo ndiyo yaliyokuwa na majike wazee, wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kundi lililobaki lilikuwa limepoteza wazee wake kwa majangili.

Basi unaweza kuhesabu vichwa upendavyo; kama hakuna kichwa kinachokumbuka maji yalikuwa wapi, hesabu yako haina faida.

Lakini tazama namna tembo wanavyoondoka. Joyce Poole, aliyewasikiliza tembo wa Amboseli kwa miaka mingi, ameeleza jinsi anayetaka safari anavyosimama ukingoni mwa kundi, ameelekea anakotaka kwenda, pengine mguu mmoja ameuinua, akanguruma kwa sauti ya chini. Halafu anangoja. Wasipomwitikia, ananguruma tena.

Shangazi hangoji. Na Ami hangurumi kwa sauti ya chini.

## Nyuki waliochafuka masizi

Niliyemngojea kwa hamu katika kusoma huku ni nyuki, kwa kuwa nyuki kweli huhama nyumba.

Mwaka 1949, mjini Munich, Martin Lindauer aliona juu ya bumba la nyuki lililoning'inia nyuki wakicheza ile ngoma yao ya kuelekezana. Waliocheza walikuwa wachafu. Baadhi walikuwa weusi kwa masizi, wengine wekundu kwa vumbi la matofali. Nyuki anayetoka kwenye maua hubeba chavua, hachafuki namna hiyo. Mji ulikuwa bado na magofu ya vita, na Lindauer akaelewa kwamba hao walitoka kukagua nyumba: bomba la moshi, ufa wa ukuta. Walirudi na vumbi la kule walikopapenda.

Thomas Seeley wa Marekani akaja kuichimba kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Bumba linaweza kuwa na nyuki kama 10,000, lakini wanaokwenda kukagua ni mia chache tu. Kila mpelelezi akirudi hucheza kwa kadiri ya uzuri wa alipopaona. Mahali pazuri sana huchezewa mizunguko mingi, pa wastani michache. Wapelelezi wengine hufuata maelekezo, lakini hawaamini ngoma peke yake: kila mmoja huruka kwenda kujionea kabla ya kucheza. Na wakati mwingine mpelelezi wa sehemu moja humgonga kwa kichwa anayechezea sehemu nyingine, akitoa mlio mfupi wa kumtaka aache.

Hayo yote nayajua kutoka vikao vyetu, hata ya kichwa. Nisilolijua ni lile linalofuata.

Mpelelezi akienda kukagua tena na kurudi, hucheza mizunguko kama 15 pungufu ya mara iliyotangulia. Hata kama nyumba ni ile ile na uzuri wake ni ule ule. Safari inayofuata hupunguza tena, mpaka ananyamaza kabisa. Hakushindwa hoja, wala hakuna aliyemnyamazisha. Mahali pazuri panabaki hai kwa sababu wapya wanaendelea kupachezea, na mahali pa wastani panakufa kwa kukosa warithi.

Kisha kuna akidi. Bumba halingojei kila mmoja akubali. Wapelelezi wakikutana 20 au 30 hivi kwa wakati mmoja kwenye nyumba mpya, hutambua kwamba wametosha, wakarudi kuwaamsha wengine kwa mlio mkali, misuli ikapashwa moto, na bumba zima likaruka. Maelfu yanayoruka hayajawahi kuiona nyumba hiyo. Wachache wanaoijua hupita juu ya wingu la wenzao kwa kasi, wakielekeza.

Kama nyuma ya ile matatu. Wengi wetu hatukujua kama daraja lilikuwa wazi huko mbele.

Na malkia? Malkia hapigi kura. Amekaa katikati ya bumba, lakini likiruka bila yeye litarudi alipo.

Bibi tuliwahi kumuuliza anapotaka. Alisema popote ambapo adhana inasikika kitandani. Katika Mombasa hiyo si kusema kitu.

## Wasiojali

Kuna jambo moja nililolikataa kwanza. Mwaka 2011 Couzin na wenzake waliwafunza samaki wadogo wa maji baridi kwenda kwenye alama za rangi: walio wengi wafuate buluu, wachache wafuate manjano, rangi ambayo samaki hao huipenda kwa maumbile. Wachache wale wenye shauku waliwavuta wengi. Kisha wakaongezwa samaki ambao hawakufunzwa lolote. Kundi likarudi kuwafuata walio wengi.

Yaani wasiojua kitu ndio walioondoa nguvu kwa mwenye shauku kali.

Sikupenda. Ninaishi katika nchi yenye uchaguzi, na sina hamu ya kusikia sifa za kutojua. Samaki katika tangi haahidiwi kitu na mtu, hapewi fulana. Kumtoa kwenye tangi na kumpeleka kwenye debe la kura ni ujasiri ambao sina.

Hata hivyo, kwa kiwango kidogo cha ukumbi wa nyumba, niliona pana ukweli. Katika vikao vyetu tunaingia wenye shauku tu. Mashemeji, mawifi, vijana wanaosema "popote sawa", hawa wote hubaki uani wakikaanga viazi, kwa sababu eti hawana la kusema. Tumechuja kikao mpaka wakabaki wale tu ambao hawawezi kufuata.

Na kufuata nako ni kazi. Mwaka 2009 kulichapishwa majaribio ya watu 200 waliotembea katika ukumbi mmoja huko Köln, Ujerumani, bila kuzungumza wala kuonyeshana kwa mikono, wakiambiwa tu wasitawanyike. Kumi kati yao walipewa mahali pa kufika. Kumi hao walitosha kulifikisha kundi. Hilo liliwezekana kwa kuwa wale 190 wengine walikuwa tayari kuvutwa.

## Kikao cha juzi

Juzi tulikaa tena. Niliomba vijana na wakwe waingie ndani, na Ami akakubali kwa sharti viazi visiungue. Nikatandaza ramani yangu ya bahasha. Nilipowaonyesha kwamba katikati ya Mtwapa na Mtongwe ni pale pale tulipoketi, kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. Ami hakucheka, ila aliishika ile bahasha kwa muda mrefu, akaigeuza, akasoma hata anwani iliyo mbele.

Kisha akasema yeye na kaka wanaweza kuzungumza habari ya Shanzu.

Shemeji, ambaye kwa miaka yote hatukuwahi kusikia rai yake, akasema Shanzu kuna nyumba ya ghorofa ya chini, Bibi hatapanda ngazi. Binamu wawili wakasema wao popote sawa, basi Shanzu sawa. Nikaanza kuhesabu vichwa kimoyomoyo.

Shangazi alikuwa kimya, na kimya cha Shangazi sikukiamini. Nikaona wakati ni huu. Nikasimama, nikaeleza habari ya nyuki: jinsi kila mpelelezi anavyorudi akacheza kidogo kuliko mara ya mwanzo, mpaka akaacha kwa hiari yake. Nikapendekeza na sisi tufanye hivyo, kwamba aliyekwisha kutetea mahali pake kikao kilichopita, kikao hiki aseme nusu, kijacho robo. Nikafafanua. Nikatoa mfano. Nikarudia sehemu ya Munich, kwa kuwa naona watu huipenda.

Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekufahamu, mwanangu," akasema. "Nasi habari za wanyama watupa tangu Ramadhani. Leo wewe sema robo. Mtongwe bado sijaisema."